Kofia ya Msumeno

Siku ya kwanza kufanya biashara na mke wa Uzi, Mama Mabanzi nusura amfukuze. Mwanamke alikuja na kamba yake ya kufungia kuni, akalizunguka rundo la mabanzi, akauliza bei ya mzigo, akatajiwa, akafungua fundo la kitambaa, akatoa pesa. Hakuguna. Hakusema "mama wee, unaniua." Hata kujifanya anaondoka hakujifanya.

"Ndiyo basi?" Mama Mabanzi akamuuliza.

"Basi nini tena, mama? Si umesema ndiyo bei?"

"Nimesema bei ya kwanza. Bei ya kwanza si bei, mwanangu, ni hodi. Mtu akikupigia hodi unamkabidhi nyumba?"

Yule mwanamke akacheka kwa aibu, lakini mkono wenye pesa hakuurudisha. "Mimi hayo mambo siyawezi. Mtu akinitajia bei, naona kweli amekaa akapiga hesabu, ikatoka hiyo."

Mama Mabanzi akapokea pesa huku ameudhika, akamwongezea mabanzi mawili bila kuombwa, kisha akaudhika zaidi kwa kuyaongeza. Yeye alianza biashara kwa kuokota maganda ya magogo pembeni mwa barabara na kuyabeba kichwani. Sasa alikuwa na uwanja wake wenye uzio wa mabati, alikuwa na mkokoteni, na alikuwa na mapatano ya mdomo na kiwanda cha mbao kwamba mabanzi yote yanayotoka kwenye misumeno iliyokuwepo ni yake. Vyote hivyo alivipata kwa kubishana. Mtu asiyebishana alimwona kama mtu anayelala katikati ya barabara: si mbaya, ila ataumia, na atakayemkanyaga ataitwa mkosaji bure.

Alishangaa zaidi aliposikia kwamba mume wa mwanamke huyo ni Uzi, mkata mbao wa kiwanda hicho hicho.

"Mume kutwa kwenye mbao, mke ananunua kuni! Huko kwenu mnaishije?"

"Getini wanakaguliwa mpaka soksi, mama. Akitoka na kijiti cha kuchokolea meno, kazi hana. Na pasi yangu haipati moto kwa maneno matamu."

Alikuwa dobi. Walikaa chumba kimoja katika safu ya vyumba vya wafanyakazi nyuma ya kiwanda. Mbele ya mlango ndipo alipochemshia maji na kufulia. Ndani palikuwa na meza ya kupigia pasi, na watoto watatu walilala chini ya meza hiyo, suruali za watu zikining'inia juu yao. Tangu siku ile akawa mteja wa kila wiki, na kila wiki Mama Mabanzi alijaribu kumfundisha.

"Haya, sema ghali."

"Ghali."

"Siyo hivyo! Sema kama umefiwa."

"Lakini si ghali, mama."

"Nenda. Chukua kuni zako uende, kabla hujanitia hasara ya akili."

Uzi mwenyewe Mama Mabanzi alimjua kuliko mke alivyodhani, maana kila asubuhi alikuwa kiwandani kuchagua mabanzi kabla hayajachanganywa na yaliyooza. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na jina lile alipewa kwa sababu mbao zake zilitoka zimenyooka kama uzi uliovutwa. Mafundi seremala walikuja kutoka mbali wakasema, "Tupe za Uzi." Aliyekuwa naye mezani aliitwa Kobe, kwa sababu ya mwendo wake na shingo yake. Uzi alisukuma gogo kuelekea kwenye msumeno, Kobe akalipokea upande wa pili na kulivuta. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu mpaka hawakuhitaji kusemezana. Mmoja akikohoa, mwenzake alijua kama ni kifua au ni gogo lina msumari.

Msumeno ule ulikuwa wa duara, umechomoza katikati ya meza ya chuma, na uliletwa na kofia yake: chuma kizito kilichofunika meno, ili mkono usipite na ubao usirushwe nyuma. Wenyewe waliita hivyo, kofia. Shida ya kofia ni kwamba ilipunguza mwendo. Magogo manene yalikwama, ikabidi yageuzwe, na kiwanda kililipa kwa ubao, si kwa saa. Basi mnyapara alisema zamani sana, "Kofia ni ya wageni," na neno likawa sheria. Kofia ilitundikwa kwenye msumari ukutani. Mkaguzi akija, mtu wa getini alipiga filimbi, mashine ikavishwa kofia, mkaguzi akapita na daftari lake, akatoka, na mashine ikavuliwa. Hata wafanyakazi walijivunia wepesi wao wa kuivisha. Waliona ni adabu, kama kufagia mgeni akiwa njiani.

Asubuhi aliyokufa Uzi, Mama Mabanzi alikuwa hatua chache tu kutoka mezani, anabishana na mnyapara kuhusu mabanzi yenye mchwa.

"Haya nikiuza, mteja atapika chai yenye nyama," alikuwa akisema, na mnyapara anacheka.

Hapo sauti ya msumeno ikabadilika. Ilikuwa inavuma, ikapiga yowe. Ubao ulibana, meno ya nyuma yakauinua na kuurusha kule ulikotoka. Uzi aliupokea chini ya kifua. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni kama mtu aliyechoka, akamtazama Kobe, akafungua mdomo, akaufunga.

Walimpakia kwenye gari la bosi, lakini kila aliyembeba alijua wanabeba nini. Mnyapara alikimbilia nyuma ya magogo kutapika. Kobe alibaki peke yake mezani. Akazima mashine. Akaenda ukutani, akaitungua kofia, akaipuliza vumbi, akaivika, akakaza bolti moja moja kwa spana. Kisha akachota unga wa mbao, akapangusa meza mpaka ikang'aa. Hakuna aliyemwagiza. Askari walipofika na mkaguzi nyuma yao, walikuta mashine imevaa vizuri kama bwana harusi. Mkaguzi akaigonga kofia kwa kidole, akaridhika, akaandika.

Mama Mabanzi aliyaona yote hayo, banzi likiwa kwapani. Hakuulizwa, na mfanyabiashara hajibu swali ambalo halijaulizwa.

*

Bosi alitoa mbao za jeneza, nzuri, za daraja la kwanza. Watu walimsifu. Matanga hayajakwisha vizuri, mnyapara akapita kwa mjane na ujumbe wa upole: chumba ni cha mfanyakazi, na mfanyakazi mpya anatafutwa. Mwisho wa mwezi.

Kisha akaja shemeji mkubwa, kaka wa marehemu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupingwa. Alikaa kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, akatazama meza ya pasi, akatazama watoto.

"Shemeji, mimi sina ubaya. Lakini utawalisha pasi? Binti nitakwenda naye mimi, atamsaidia mke wangu. Wa kiume atakwenda kwa mdogo wetu kule machimboni, ana duka. Huyu mdogo ubaki naye mpaka apate akili."

"Hawajawahi kulala mbalimbali," mjane akasema.

"Watazoea. Watoto ni kama maji."

Mjane hakubisha. Alikwenda ndani, akaanza kukunja magauni ya binti na kuyapanga kwenye mfuko. Akayatoa, akayapiga pasi yote, akayarudisha. Mama Mabanzi, aliyekuwa ameleta kuni za mkopo, alimkuta akirudia kazi hiyo mara nyingine tena, gauni lile lile, kitambaa kimeanza kung'aa kwa pasi.

Siku chache baadaye bosi alimwita Mama Mabanzi ofisini. Alimkaribisha chai, jambo ambalo lilimfanya ashike vizuri mkoba wake.

"Wewe ni mtu wangu," bosi akaanza. "Na yule mama anakusikiliza. Nataka kumpa mkono wa pole. Siyo kwamba kuna kosa, hapana. Ni utu. Ila asaini kwamba mambo yamekwisha, asije akadanganywa na mawakili. Ukinisaidia hilo, mabanzi ya ile mashine mpya nayo ni yako."

Akasukuma bahasha. Mama Mabanzi aliipima kwa mkono. Mabanzi ya mashine mpya yalikuwa na maana ya mkokoteni wa pili. Akanywa chai yote, akaenda kwa mjane moja kwa moja, na kwa kweli kabisa alikwenda kumshawishi.

Aliweka bahasha mezani. "Bosi anakupa hii. Unaweka sahihi, mambo yanaisha."

Mjane akafungua, akaangalia, akafunga. "Haya," akasema. "Kalamu iko wapi?"

Ndipo kitu kikampanda Mama Mabanzi kooni. Haikuwa huruma; huruma aliijua, ilikaa chini kidogo na ilipita akila. Hii ilikuwa ghadhabu ya sokoni. Ile bei! Alikuwa ameiona kwa macho ya mnunuzi njia nzima, akajiambia itapanda ikifika kwenye mabishano. Sasa anaona hakuna mabishano. Mtu mzima, fundi wa mbao zilizonyooka, anauzwa kwa hodi.

"Ngoja," akasema. "Rudisha hiyo."

"Mama, lakini si wewe uliyeileta?"

"Nimeileta, naiondoa. Unajua hii inatosha nini? Inatosha kodi mpaka mvua zijazo. Baada ya hapo binti atakwenda vilevile, tena utakuwa umesaini."

"Sasa nitafanya nini? Mwisho wa mwezi nitoke. Shemeji anarudi kumchukua binti." Sauti yake haikupanda. "Mama, mimi sitaki kutajirika. Nataka mlango mmoja unaofungwa, wao watatu wakiwa ndani."

"Basi funga mdomo kuhusu kalamu. Kesho tunakwenda kwa wakili."

*

Wakili alikuwa na ofisi juu ya duka la vyombo, ngazi zake nyembamba, na kila vyombo vilipoanguka chini, aliinua kichwa kana kwamba mteja anaingia. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: watu waliogongwa, waliokatwa, waliofiwa. Alisema hachukui kitu mwanzoni. Wakishinda, anachukua fungu lake. Mama Mabanzi akalibishania fungu palepale mpaka wakili akavua miwani.

"Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

"Mnunuzi wa mabanzi. Haya, punguza."

Walipokubaliana, wakili akawaeleza bila kupambapamba. Mtu akifa kazini kwa sababu mwajiri ameacha mashine bila kinga, wategemezi wake wana haki ya fidia, na fidia hupimwa kwa kile ambacho marehemu angewaletea maisha yake yote. Si pole, ni haki. Lakini ni lazima ithibitishwe. Akaandika barua, na majibu ya kiwanda yakaja haraka: mkaguzi alikuta kofia mahali pake, mashine ilikuwa salama, marehemu alisukuma ubao uliopinda na kusimama pasipostahili, alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Mjane aliposomewa neno lile aliinua uso. "Uzembe?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Uzi?" Alisema jina la mumewe kama mtu anayeuliza kama wamekosea nyumba.

"Nahitaji mtu wa ndani," wakili akasema. "Aseme kofia haikuwepo, na aseme ni nani aliyeivika baadaye. Bila hivyo, kesi itachukua miaka na huenda tukatoka mikono mitupu."

Akamtazama Mama Mabanzi, maana alikuwa ameshasikia kwamba alikuwepo kiwandani asubuhi ile. Mama Mabanzi akatazama vyombo vya dirishani ng'ambo ya barabara. Akapiga hesabu. Akisimama mahakamani, mabanzi yamekwisha siku hiyo hiyo, na yeye hana shemeji wa kugawana watoto wake. Wamekua, ila bado wanamtegemea wote. Tena wangesema ni mchuuzi mwenye kinyongo cha bei.

"Yuko Kobe," akasema. "Yeye ndiye aliyeishika."

Walikwenda kwake jioni, wanawake wawili, wakamkuta amekaa nje anakarabati kiatu. Alipomwona mjane alisimama, akapangusa kiti kwa shati lake. Mjane hakukaa.

"Shemeji," akamwambia, maana ndivyo walivyoitana siku zote, "mashine uliivika kofia wewe?"

Kobe aliinamisha ile shingo yake. "Niliivika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wageni walikuwa wanakuja." Akakitua kiatu chini. "Ningewaacha askari wamkute mwenzangu na meza chafu, mashine kichwa wazi? Waseme huyu alikuwa hajui kazi? Nilimvisha, shemeji. Nilimvisha kama unavyomvisha maiti. Sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia."

"Na sasa wanasema alikuwa mzembe. Kwa sababu ya kofia yako."

"Nimesikia."

"Basi sema. Njoo useme tu ulichofanya."

"Nikisema nilivika kofia kabla ya mkaguzi, wataniuliza kwa amri ya nani. Hakuna aliyeniamuru. Wataniambia nimeharibu ushahidi. Nimeuliza watu. Nitafungwa, shemeji. Na hata nisipofungwa, nina watoto kama wako."

Mjane akapiga magoti. Alifanya hivyo bila onyo, kama mtu aliyekatika, pale vumbini mbele ya kiatu kilichofunguliwa soli. Kobe naye akapiga magoti ili asiwe juu yake, wakabaki hivyo wawili, wametazamana, hakuna wa kumwinua mwenzake.

"Siwezi," Kobe akasema. "Nipige, nitukane. Siwezi."

Mama Mabanzi aliwaangalia, akajua mzigo huu haununuliki. Akamshika mjane kwapa, akamsimamisha. Walipofika kwenye safu ya vyumba, mlango wa mjane ulikuwa umewekwa alama ya chokaa: mnyapara alikuwa amepita kuonyesha vyumba vitakavyopakwa rangi. Ndani, mfuko wa binti ulikuwa umefungwa kamba. Binti mwenyewe ndiye aliyeufunga, ili mama asiyapige magauni pasi tena.

*

Kesho yake Mama Mabanzi alikwenda ofisini kwa bosi bila kuitwa, bahasha mkononi. Akaiweka mezani.

"Amekataa," akasema.

"Amekataa au umemkatalia?"

"Bosi, mimi ni mtu wa kupeleka na kurudisha. Hii ni ndogo. Hata punda akifa kwenye mkokoteni wako unalipa zaidi."

"Punda hanywi pombe," bosi akasema, akacheka peke yake.

"Na Uzi hakunywa. Unajua." Akavuta kiti. "Nisikilize. Kesi inakwenda mahakamani. Wakili yule ana njaa, na mwenye njaa halali. Watamwita mkaguzi, watamuuliza kwa nini getini kuna filimbi. Mashine zitasimama, wateja watahamia kwingine. Lipa sasa, lipa vizuri, ulale."

"Hawana shahidi."

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Angeweza kusema, "Mimi niliona." Neno lilikuwa tayari mdomoni, lina uzito wake, na mwisho wake aliuona: uwanja wake wenye uzio wa mabati, mtupu. Badala yake akasema, "Wanaye."

"Nani?"

"Jina sijui. Wakili hasemi. Ni mtu wa ndani."

Bosi aligeuka dirishani. Kule uwanjani misumeno ilikuwa inavuma, na pale mezani Kobe alikuwa anavuta ubao kutoka kwa kijana mgeni aliyechukua nafasi ya Uzi, kwa mwendo wake ule wa polepole. Kofia ilikuwa ukutani. Bosi alimtazama kwa muda. Mama Mabanzi alimwona anavyotazama. Bado kulikuwa na nafasi ya kurudisha neno, kusema ametania, kusema wakili anajigamba. Lakini bosi aliporudi kutoka dirishani, sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kununua, na Mama Mabanzi hakuwahi kurudisha neno mnunuzi akiwa na sura hiyo.

"Yule mama anataka ngapi?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Alitajiwa, akacheka. Akataja, bosi akapiga meza. Alisimama kuondoka mara mbili, na mara ya pili alifika mlangoni kabisa, mkono kwenye kitasa, ndipo akaitwa. Mwishowe ilikuwa bei ya kununua chumba na kipande cha mbele cha kufulia, pamoja na karo za watoto mpaka wamalize shule. Haikuwa kile ambacho wakili angekipigia hesabu mahakamani. Ila ilikuwa ya sasa hivi.

Walikutana ofisini kwa wakili. Bosi hakuja, alimtuma wakili wake, kijana mwenye viatu vyembamba, na karatasi zilizokwisha kuandikwa. Wakili wa mjane akazisoma kwa sauti. Alipofika mahali panaposema kwamba mashine ilikuwa na kinga zake zote na kifo kilitokana na uzembe wa marehemu, mjane akainua mkono kama mwanafunzi.

"Hapo patolewe."

"Hapo hapatoki, mama," yule kijana akasema kwa heshima. "Ndiyo sababu ya malipo."

Mjane akazitazama karatasi. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Mabanzi hakuwahi kumwona akilifanya. Alikaa sawa, akaiweka mikono mezani, akaanza kubishana.

"Punguzeni pesa," akasema. "Mtoe hayo maneno."

"Haiwezekani."

"Punguzeni robo."

"Mama..."

"Nusu, basi. Nusu, na muandike tu kwamba ubao ulirushwa. Ulirushwa kweli. Si uongo."

Kijana akatoka kupiga simu. Vyombo vilianguka dukani chini, hakuna aliyeinua kichwa. Mama Mabanzi alitaka kumwambia mjane kwamba anabishana kichwa chini miguu juu, kwamba muuzaji hashuki mwenyewe. Lakini safari hii alisema kama mtu aliyefiwa, na hapakuwa na cha kumfundisha. Kijana akarudi, akatikisa kichwa. Bosi yuko tayari kuongeza kidogo hata, lakini maneno yanabaki. Bila maneno yale, mkaguzi angerudi.

"Ni hiari yako," wakili wake akamwambia mjane taratibu. "Tukienda mahakamani, naweza kukuombea ubaki chumbani kwa muda. Siwezi kukuahidi."

"Shemeji anakuja Jumamosi," mjane akasema, si kwa mtu yeyote.

Akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, polepole, kwa mwandiko wa mtu anayetaka lisomeke. Alipomaliza alifuta mikono kwenye gauni lake kana kwamba wino umemwagika, na haukumwagika.

*

Shemeji mkubwa alipokuja Jumamosi alikuta wanahama. Akasaidia kubeba meza ya pasi. Binti alibeba mfuko wake mwenyewe, akaufungua kwenye chumba kipya, na watoto wote watatu walilala humo.

Wakili alichukua fungu lake. Mjane alimletea Mama Mabanzi lake, limefungwa kwenye kitambaa, na Mama Mabanzi akalipokea. Kulikataa kungekuwa kumwachia mwenzake deni la shukrani, na hilo halina tarehe ya kulipwa. Mabanzi ya mashine mpya alipata pia. Bosi ni mtu wa neno lake, akiona limemfaa. Mkokoteni wa pili ulinunuliwa kabla ya mvua.

Kobe alifukuzwa wiki ile ile, kwa uvivu. Mtu ambaye wote walimjua kwa upole wa mwendo tangu alipoajiriwa, ndipo wakagundua ni mvivu. Alikuja uwanjani kwa Mama Mabanzi, akasimama kando ya rundo, hakukaa alipokaribishwa.

"Mama, ulinitaja?"

"Sikutaja jina lako. Nakuapia."

"Nakuamini," Kobe akasema. "Hata bosi hakulitaja. Alisema tu, nenda ukatoe ushahidi."

Mama Mabanzi akashika banzi, akaligeuza, akaliweka. "Sikiliza. Nina mkokoteni, nahitaji mtu. Nitakulipa."

"Utanilipa ngapi?"

Akataja. Ilikuwa bei nzuri. Ilikuwa bei ya mwisho kabisa, ile ambayo hakuwahi kuianzia na mtu yeyote.

Kobe aliisikiliza mpaka mwisho. "Mabanzi haya yanatoka wapi?"

"Unajua yanatoka wapi."

"Basi siwezi kuyabeba," akasema. Akauliza njia ya kwa mjane, alipohamia, akaelekezwa. Alikwenda. Mjane alimfungulia, akampa kiti na maji ya kunywa kama mgeni yeyote, akaendelea kupiga pasi. Alimwita "baba," si shemeji. Alipomaliza maji Kobe alishukuru, akaenda zake, na familia yake ikamfuata baadaye huko alikopata kibarua cha kupakia mawe.

Kiwandani, kijana aliyeshika nafasi ya Uzi anapata mbao nyingi kwa siku kuliko alizokuwa akipata marehemu. Hazijanyooka sana, lakini mafundi wameacha kuulizia za Uzi.